Kuitafuta Do Hamriya

Mwalimu wetu wa kwaya alipomaliza mkataba na gereji moja ya mtaa wa Ghala, hapa Maskati, akarudi Mbeya, kazi yake niliangushiwa mimi. Nilikuwa nimewahi kusema kwamba baba yangu alifundisha kwaya, na maneno ya namna hiyo humponza mtu.

Kwaya ya Kiswahili ilikuwa ya wafanyakazi wa ndani na madereva wachache. Kwenye ibada ya pamoja ya Krismasi kila kundi lilipewa wimbo, na wetu ulikuja umeandikwa kwa noti za mistari mitano. Sisi tulilelewa na do, re, mi za herufi, na mwalimu ndiye aliyekuwa akitugeuzia. Tuliambiwa waziwazi kwamba tusipokuwa tayari, nafasi yetu watapewa wengine. Kwa watu ambao wiki nzima huitwa kutoka chumba kingine, kusimama mbele na kusikilizwa hakukuwa jambo dogo.

Basi Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko na ya ibada, badala ya kurudi kulala nilikwenda mtaa wa Hamriya, kwenye duka la intaneti lililokuwa juu ya duka la vitambaa, kutafuta namna ya kuzigeuza zile noti. Miguu iliwaka moto, vidole vilinuka dawa ya vyoo. Ukurasa mmoja ulitaka ninunue kitabu. Mwingine ulikuwa na picha zisizofunguka. Wa tatu ulianza na historia ya watawa wa zamani walioanzisha noti, na hapo nikasinzia, mpaka mwenye duka akagonga meza taratibu. Mwishowe nikapata ukurasa wa mwalimu wa Ulaya ulioupa kila mstari jina: do, re, mi. Nilikaribia kulia. Nikaugeuza wimbo wote.

Tulipoujaribu, ulitoka kama wimbo wa msibani. Kisha dada mmoja wa sauti ya pili akaniuliza, "Dada, huyu mtoto kazaliwa au kafariki?"

Tulicheka mpaka machozi. Yangu hayakuwa ya kicheko yote.

Kumbe do ya yule mwalimu haihami, iko palepale kwa kila wimbo. Yetu huhama, kila wimbo na do yake. Ijumaa iliyofuata nikapanda tena ngazi zile, kichwa kizito, nikiwachukia wote walioimba tangu dunia iumbwe. Safari hii nikaangukia ukurasa mkavu, hauna hata picha, wa mtu aliyefundisha kwaya ya watoto. Alisema tazama zile alama za kushusha sauti mwanzoni mwa mstari. Ya mwisho kulia ndiyo fa, hesabu kushuka mpaka do. Basi. Nilikasirika kwamba haukutokea kwanza.

Niliandika upya, nikatoa nakala, nikampa dada wa kazi wa nyumba ya jirani, mwanakwaya mwenzetu, azipeleke, kwa sababu Ijumaa zilizobaki sikutoka. Bibi niliyemfanyia kazi nyumbani kwake mtaa wa Qurum, Mwomani mzaliwa wa Unguja, hakuwa mkali. Alisema tu, "Mwanangu, Ijumaa hii nna wageni. Kanisa lipo, utakwenda ijayo." Na ijayo ilikuwa na wageni wake, na ile ya ibada ya pamoja pia. Wenzangu walipokuwa wakiimba, mimi nilikuwa nasugua masufuria ya biriani.

Jioni nilimwuliza yule dada wa jirani juu ya ukuta, "Vipi, kazaliwa?"

"Kazaliwa, dada. Watu walisimama."

Nilifurahi, kisha nikaona wivu, kisha nikaenda kuanua nguo.

Nilirudi kanisani Januari. Watu walikuwa wameomba wimbo urudiwe, na kwaya nzima ikasimama mikono mitupu, macho mbele. Wote walikuwa nao kichwani. Mimi nilikuwa sijawahi kuuimba hata mara moja kama unavyotakiwa. Nikaomba karatasi. Dada wa sauti ya pili akachakura mkobani akanipa moja iliyokunjwakunjwa, yenye mwandiko wangu, nikaifuata kwa kidole, nikichelewa nyuma yao kidogo, mpaka mwisho.