Maji ya Kilimani

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, ingawa sipendi kuikumbuka. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imejaa mnadani, na kaka yangu Elia, mwuza mitumba, akajinunulia viatu vya kupandia milima. Milima ipi, sasa? Hapa kwetu Manyoni tuna vilima vya mawe na miiba tu, mbuzi wanavipanda wakicheza. Tulimcheka sana.

Jumapili moja baada ya ibada akanivuta twende. Mawe yalichoma viganja, gauni langu likinaswa na miiba, nami nikinung'unika njia nzima. Lakini kule juu, mwanangu! Upepo ulinipiga usoni, nikaiona nyika yote kavu imelala kimya, reli imekatiza katikati. Nilijisikia mtu. Kuanzia hapo ikawa ndiyo raha yetu.

Juu palikuwa na shimo kwenye mwamba, linatunza maji ya mvua mpaka kiangazi. Wachunga mbuzi walilifunika kwa jiwe bapa, jua na nyani wasiyamalize. Ukinywa, unafunika. Hakuna aliyelinda, na hakuna aliyeacha wazi.

Kiangazi kimoja Elia alipanda peke yake. Aliporudi, mjomba wetu, mchunga mbuzi wa siku nyingi, akamuuliza uani, "Umefunika?"

"Nimesahau, mjomba. Nitafunika nikipanda tena."

"Kiangazi hiki? Rudi sasa hivi."

Akacheka, akavua viatu vyake. Mjomba alikasirika hata chakula hakula.

Siku chache baadaye Elia akapanda tena bila kuaga. Sisi tulidhani amekwenda Itigi kuuza mitumba yake, kumbe ameteleza, mguu umevunjika. Tulipoona tai wanazunguka juu ya kilima ndipo tukakimbia. Tulimkuta amejiburuta hadi shimoni, mkono umo ndani, jiwe liko pembeni vile vile alivyoliacha, na shimo kavu kabisa. Mama hakulia siku hiyo. Alilia miaka.

Sikukatazi kupanda, mwanangu. Mimi mwenyewe nilirudi kule, na kilima kile nakipenda na kukichukia mpaka leo. Ila usikidharau kwa kuwa ni kifupi. Aga nyumbani, beba maji yako, na ukiyakuta ya watu, kunywa, kisha yafunike kabla hata hujafuta mdomo. Huwezi kujua nani atayafuata.

Mungu akufikishe juu, na akushushe kwa miguu yako mwenyewe. Kaka yangu tulimshusha ndani ya blanketi.