Vishikizo Kumi na Vinne

Wenzake humwita Mama Pini, kwa sababu kifua chake hakikosi pini. Amewavisha waimbaji wa opera kwa miaka kumi na tisa, na kwa muda mrefu hakuelewa hata neno moja la walichokuwa wakiimba. Kitaliano, Kijerumani, Kifaransa, kwake vyote vilikuwa mamoja. Wala hakuona hasara. Kazi yake ilikuwa nyuma ya pazia la kushoto, gauni mkononi, akingoja mwimbaji atoke mbio abadilishwe nguo kabla orkestra haijamaliza kipande chake. Saa yake ilikuwa sauti. Mwimbaji fulani mnene akipandisha sauti juu akang'ang'ania huko, yeye anaanza kufungua vishikizo vya gauni. Filimbi zikiingia, gauni liko tayari. Watu wa taa walimtania kwamba hata jukwaa likiwaka moto, Mama Pini atamvisha mtu kwanza ndipo akimbie.

Kisha binti yake wa pekee, aliyekulia humo humo chini ya meza ya kupigia pasi, akachaguliwa kuimba nafasi kubwa katika opera iliyoandikwa kwa Kiswahili. Alikuwa anapokezana na mwimbaji mwingine, na baada ya onyesho la Jumapili mmoja wao angebakizwa. Badala ya kufurahi, mama alinuna. Alimwambia watu watamcheka, opera ina lugha zake, na hakumsomesha kwa taabu zote zile ili aje aimbe maneno ya sokoni.

"Mama, miaka yote hiyo umewahi kujua wanalilia nini?"

"Nijue ya nini? Najua wanatoka lini."

Binti alicheka kidogo, akaacha. Siku mbili hawakuzungumza ila habari za chai na funguo.

Jumapili mchana ukumbi ulijaa. Mama Pini akasimama mahali pake na gauni la bluu, vishikizo kumi na vinne mgongoni, vyote vimefungwa kama lilivyotoka kwenye pasi. Binti akaanza. Ulikuwa wimbo wa msichana anayemuaga mama yake, anamwomba asisimame mlangoni, maana akimwona pale atarudi. Maneno yenyewe yalikuwa mepesi, ya jikoni tu. Yakamwingia moja moja. Mama Pini akasahau kwamba ana mikono. Alitaka kusikia yule msichana atasema nini tena. Filimbi zikaingia, zikapita.

Alipozinduka, binti alikuwa mbele yake, nguo ya kwanza ameshaivua, mgongo amempa, anahema. Vishikizo vyote bado vimefungwa. Akaanza kuvifungua kimoja kimoja. Orkestra ikamaliza, ikakaa kimya. Mtu akakohoa ukumbini, wengine wakacheka. Binti akarudi jukwaani amechelewa, gauni wazi mgongoni, sauti imemkauka.

Nafasi alipewa mwenzake.

Katika chumba cha maleba binti aliketi juu ya sanduku la viatu. Hakulia.

"Ungeniambia tu hutaki, mama. Nisingeimba."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kusema. Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi, kwamba alikuwa anamsikiliza. Lakini mtu aliyejigamba miaka kumi na tisa kwamba maneno hayamhusu, aseme vipi kuwa maneno ndiyo yaliyomponza? Aliona haya.

"Vishikizo vilikwama," akasema.

Binti akalichukua gauni. Akafunga na kufungua kishikizo cha kwanza, cha pili, cha tatu, taratibu, hadi cha mwisho. Hakuna kilichokwama. Akalitundika, akatoka.

Siku hizi binti anaimba mstari wa nyuma kwenye kwaya, kwa Kitaliano. Wanaongea vizuri tu, chai na funguo. Mama Pini bado yuko pazia la kushoto na hajachelewa tena. Ila akiwa peke yake na pasi, hujikuta akiutamka ule wimbo kwa sauti ya chini, neno kwa neno, hadi pale filimbi zinapoingia. Mara mbili binti amemkuta katikati. Mara zote mbili mama amenyamaza, akamuuliza kama ameshakula.