Karambu Apanda Jiwe

Karambu ndiye mpagazi wa kike wa pekee niliyefanya naye kazi katika njia ya Chogoria ya kupanda Mlima Kenya, na alitushinda wengi wetu, wanaopenda wakasirike. Mimi Njura ni mpishi wa safari, mtu wa Embu, nimeona wapagazi wa kila aina. Huyu alibeba mzigo kwa mkanda wa kichwani, kama mama yake alivyobeba kuni, akatutangulia kambini na kuuliza chai iko wapi.

Kwao ni Laare, kwenye mashamba ya miraa. Kaka zake walianza kupanda juu ya miti hiyo kuchuma wakiwa wadogo; yeye alibaki chini akifunga vibunda vya miraa. Siku aliyojaribu kupanda juu, baba yake alimvuta mguu akamshusha. "Mwanamke akipanda, mti unakauka," alimwambia. Neno hilo lilimkaa rohoni miaka yote.

Sasa siku moja, wageni wakiwa bado kileleni, nilimtuma maji. Ukungu ukamzibia njia, akajibanza chini ya jiwe. Alirudi na ndoo nusu, uso umechangamka.

"Njura, nimepata jiwe yangu!"

Tulikwenda kulitazama. Lilikuwa fupi, lakini limeinama mbele hata ukilishika mgongo unatazama chini. Katikati palikuwa na ufa wa kuingiza ncha za vidole tu, na juu mviringo laini usioshikika. Naftaly, kaka yake, mpagazi mwenzake, alicheka.

"Mimi nimekulia juu ya miti. Hii ni ya kupasha mwili."

Kwetu watu wa safari, anayekuwa wa kwanza kulipanda jiwe ndiye hulipatia jina. Karambu alilitaka jina hilo kuliko chakula, na kaka yake alijua.

Tulitandika magodoro ya kulalia chini ya jiwe. Naftaly akashika ufa, akajivuta kwa mikono kama anayevuta tawi limjie. Tawi huja, jiwe haliji. Alianguka, akarudia, akaanguka tena, akavilaumu viatu.

Karambu akavua vyake katika baridi ile. Akainua mguu hadi usawa wa kiuno, akaubana ukingoni mwa ufa, akasukuma kwa paja, vile anavyoinuka na mzigo. Kiganja kikafika juu, kikateleza. Alianguka kwa kishindo, goti likachubuka, nami nikaogopa kweli.

"Wacha sasa, Karambu," Naftaly akasema. "Baba akisikia je?"

"Baba hayuko hapa."

Akapanda tena. Safari hii alikilaza kiganja chote juu ya mviringo, akakikandamiza, akapandisha kifua, halafu goti lile bovu. Akasimama juu. Nilipiga kelele kama mwendawazimu.

"Haya, lipe jina!"

"Mti wa Baba."

Alikaa pale juu, miguu ikining'inia, akitazama upande wa milima ya Nyambene, kwao.

"Naftaly, ukifika nyumbani mwambie baba nimeupanda. Na haujakauka."

Naftaly akainama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake.