Ini la Ndezi

Harufu ya manyoya ya ndezi yakiungua motoni hunirudisha Bukiriro, kiangazi kile wakimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka walipojaa wilaya yetu ya Ngara. Baba aliwatega panya hao wakubwa bondeni, kwenye matete, na bibi ndiye aliyepasua na kugawa. Mkimbizi mmoja, Spesioza, alikuja kutulimia ili wanawe wapate chakula. Kwao alikuwa mwalimu wa sayansi. Kwetu alikuwa mkono wa kushika jembe. Majirani waliwaita wakimbizi kupe, na bibi hakuwakataza.

Siku hiyo nilikuwa nimetoka kuugua malaria. Bibi alinipa ini lililobabuliwa juu juu tu, damu ikichuruzika, eti nipate nguvu. Kabla sijauma, Spesioza, aliyekuwa akilima kando ya ua, alitupa jembe, akanipokonya.

"Unamnyang'anya mtoto mgonjwa!" bibi alifoka.

"Nisamehe, mama. Tazama kwanza."

Akatumbua kwa mwiba kivimbe cheupe, kidogo kama punje ya mtama. Mnyoo uliojikunja ukatoka, ukajinyoosha polepole juu ya jani la mgomba.

"Nyama ichemsheni iive sana," alisema. "Ini litupeni chooni, paka asilipate. Mnyoo huu hukulia tumboni mwake."

Akarudi kulima bila kungoja jibu. Bibi aliichemsha nyama mpaka ikaiva, akachagua paja, akampelekea mwenyewe shambani. "Kula, mwalimu."

Tangu hapo kila ndezi alikuwa somo. Spesioza alinifundisha kutafuta viroboto manyoyani, kupe nyuma ya masikio, minyoo utumboni, bila kuogopa. Na jirani aliporudia lile tusi uani kwetu, bibi alimjibu, "Kupe halimi."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Wakimbizi waliporudishwa kwao sikupata hata kumuaga Spesioza. Leo nakagua nyama Biharamulo, nina koti jeupe na kisu kikali, na watoto hupewa dawa za minyoo shuleni. Najua sasa kwamba mnyoo ule humdhuru binadamu mara chache sana. Yeye hakutaka kubahatisha na mtoto asiye wake. Namshukuru kila nishikapo ini. Tumepata vifaa na elimu, lakini sijui kama mimi, nikiwa mgeni mwenye njaa kwenye ua wa watu, ningethubutu kumpokonya mtoto wao tonge na kuhatarisha langu.