Karibu tena, Maman Nyota

Bandugu, munipe shauri: nizime salamu ya application yangu ao niiache?

Njo mimi nilirahisisha ile application ya kuhesabia ma client pointi za zawadi mu alimentation yetu, duka ya vyakula, hapa mutaa ya Muhumba. Client haandike tena numero. Telephone yake ikikaribia caisse, pale pa kulipa, écran ya mashine inamusalimia kwa jina.

Asubui hii Papa Nyota, client wetu wa zamani, alifika peke yake na kitunga.

Écran ikaandika: KARIBU TENA, MAMAN NYOTA.

Nikacheka. "Papa, leo umebeba telephone ya maman?"

Akatua kitunga chini.

"Mwanangu, telephone yake tulimuzika nayo mu sanduku."

Caissière akaacha kupiga mashine.

Nikanyoosha mukono nizime écran. Papa akanizuia, akaangalia pembeni yake, penye hapakuwa mutu.

"Usifunge facture ya maman. Pengine hajamaliza kuchagua."