Bi Pua na Chai ya Sikukuu

Wapo watu waliopewa majina ya utani wakanuna mpaka wakazikwa nayo. Yeye hakununa. Waliomwita Bi Pua walimwita kwa heshima, maana pua yake ndiyo iliyoamua chai ipi iingie kwenye pakiti na ipi irudi ghalani. Miaka ishirini na mitatu alikuwa mwonja chai katika kiwanda cha kuchanganya na kufunga majani ya chai. Na usidhani hiyo ni kazi ya kukaa na kunywa! Jaribu wewe kuonja vikombe themanini kabla ya saa sita mchana, halafu uje uniambie kama bado una hamu ya cha themanini na moja.

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya pili, chenye dirisha kubwa na meza ndefu ya vigae vyeupe. Vikombe vyeupe vilipangwa kwa mstari, kila kimoja na majani yake pembeni. Yeye alipita na kijiko chake, anateka kidogo, anavuta kwa mlio mkali mpaka hewa inaingia puani, anazungusha mdomoni, kisha anatema kwenye ndoo. Wageni walikuwa wakicheka. Waache wacheke, wangejua nini? Hakupaka manukato, hakula kitunguu siku ya kazi, na harusi ya binti yake mwenyewe aliihudhuria bila hata mafuta ya nywele kwa sababu kesho yake kulikuwa na vikombe mezani. Mama wa bwana harusi alimtazama juu mpaka chini. Bi Pua akamtazama vivyo hivyo.

Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, akapoteza pua.

Ilianza na mafua tu. Alilala siku tisa, homa ikashuka, akaamka anapumua vizuri kabisa. Lakini harufu hakuna. Sabuni, mafuta ya taa, soksi za mumewe, yote mamoja. Siku moja maharage yaliungua jikoni naye amesimama palepale na mwiko mkononi, mpaka mumewe akaja mbio kutoka uani akipiga kelele, "Mke wangu, nyumba inaungua!" Bi Pua akamwambia alikuwa kwenye mawazo. Daktari alimwambia hali hiyo huweza kuondoka baada ya mwezi, au mwaka, au isiondoke. Akamshauri anuse vitu vyenye harufu kali kila siku, labda pua itakumbuka kazi yake.

Zaidi ya daktari hakumwambia mtu. Utauliza kwa nini. Ni rahisi kuuliza ukiwa na pua yako usoni. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, lakini hilo hata halikuwa ndilo. Kila kitu alichojulikana nacho kilikuwa hiyo pua. Wakimwondoa pale mezani, angerudi nyumbani kuwa nani?

Akajikaza. Ulimi haukuwa umekufa. Uchungu aliupata, ukali aliupata, na ile chai nzito inayokausha fizi aliijua bado. Rangi aliisoma kwa macho. Majani makavu aliyasugua kiganjani. Kwa chai tupu hiyo ni nusu ya kazi, na nusu nyingine aliifunika kwa uzoefu na uso mkavu. Miezi mitatu ikapita bila lalamiko hata moja kutoka dukani, akawa anamshukuru Mungu kila jioni na kumwomba tena kila asubuhi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Alilijua hilo, na bado akaficha.

Halafu mwisho wa mwaka ukafika, na chai ya sikukuu.

Chai ya sikukuu kiwanda kiliitengeneza mara moja tu kwa mwaka: majani meusi ya daraja la kwanza, yakatiwa mdalasini, iliki, tangawizi, karafuu na maganda makavu ya chungwa. Watu huiweka mezani siku nyumba imejaa wageni. Hapo sasa ulimi peke yake haufui dafu, maana viungo ni harufu kwanza. Bi Pua usiku kucha aligeuka kitandani. Kila jioni alikuwa akinusa karafuu moja kama alivyoshauriwa, lakini asubuhi ile, kwa hofu, akaona kunusa hakutoshi. Pale getini akatia karafuu nne mdomoni, akazitafuna zote. Akasubiri. Hakusikia harufu. Akazitema, akapanda ngazi.

Chumbani walikuwa watatu wakimsubiri. Meneja alikuwa dirishani na simu mkononi, kwa sababu mashine za kufungia zilikuwa tayari zimeandaliwa na lori lilikuwa linakuja kesho yake asubuhi. Mchanganyaji, waliyemwita Mizani, alikuwa mlangoni na aproni yake, masharubu yamejaa vumbi la mdalasini. Huyu alikuwa baba wa mapacha, mtaratibu, ila mwaka uliotangulia alizidisha tangawizi baada ya sampuli kupita kwa Bi Pua, mpaka pakiti zikarudishwa, na meneja alimwahidi mbele ya watu kwamba kosa la pili ni geti. Wa tatu alikuwa Mama Vikombe. Yeye alichemsha maji, akahesabu dakika sita za kuiva, akaosha na kupanga. Miaka kumi na minne walikuwa wamefanya kazi chumba kimoja na Bi Pua, na maneno yao kwa siku yangeweza kuenea kwenye kisahani.

Kikombe cha kwanza kila mara huwa chai tupu isiyo na kiungo, ya kulinganishia. Bi Pua akaivuta haraka haraka, akatema, akaipita. Si hiyo iliyomkosesha usingizi. Akateka ya pili, ya sikukuu. Akavuta, akazungusha.

Ganzi! Ulimi wote ulikuwa umekufa ganzi.

Karafuu ndivyo inavyofanya, muulize yeyote aliyewahi kuumwa jino. Na nisikufiche, moyo wa Bi Pua uliruka kwa furaha. Amekamata kitu! Miezi mitatu hajakamata kitu.

"Karafuu imezidi," akasema, kwa ile sauti yake ya zamani. "Imezidi sana."

"Haiwezekani, mama," Mizani akasema. "Nimepima mara mbili."

"Hata mwaka jana ulipima," meneja akadakia.

"Bosi, naapa, hii..."

"Mwaka jana tangawizi, mwaka huu karafuu. Mwakani utatutilia pilipili? Nilikuambia nini mimi? Nenda ukakusanye vitu vyako. Mchanganyiko wote unamwagwa."

Kijiko kikaanguka sakafuni. Mama Vikombe aliinama kukiokota, na aliponyanyuka akamkazia macho Bi Pua. Bi Pua akadhani anamwombea Mizani huruma. Lakini huruma gani? Chai ni chai. Akachukua maji, akasukutua ili arudie. Ganzi ikabaki. Akasukutua tena. Bado. Ndipo akarudi kwenye kile kikombe cha kwanza, ile chai tupu isiyojua karafuu ni nini, na safari hii akaivuta kama inavyopaswa kuvutwa.

Ganzi ileile.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, na yeye alikuwa amejikwaa ulimi kwa namna ambayo hata wahenga hawakuiwaza. Karafuu haikuwa kikombeni. Alikuja nayo mwenyewe kutoka getini.

Hapo ndugu yangu palikuwa pagumu. Akinyamaza, nani angejua? Mchanganyiko ungemwagwa, mwingine ungetengenezwa, na jina lake lingezidi kukua: mnaona, pua ya yule mama haidanganyiki! Ila Mizani pale mlangoni alikuwa amevua aproni, anaikunja taratibu, pindo juu ya pindo, akikung'uta vumbi la mdalasini ili airudishe safi. Hakuwa analia. Afadhali angelia. Bi Pua akashindwa kuitazama ile mikono.

"Mizani, usitoke," akasema. "Bosi, hiyo chai haina kosa. Kosa liko mdomoni mwangu. Nimetafuna karafuu."

"Umetafuna karafuu?" Meneja akashusha simu. "Wewe? Wewe uliyemfukuza mkaguzi humu kwa sababu ya peremende?"

"Nilikuwa najaribu kuiamsha pua. Haisikii harufu. Si hii tu, haisikii yoyote, tangu nilipougua."

Meneja akahesabu vidoleni.

"Miezi mitatu?"

"Miezi mitatu."

"Na chai yote iliyotoka humu muda huo wote?"

Swali hilo ndilo alilokuwa akilikimbia. Si la kustaafu, si la jina. Ni pakiti ngapi zenye ukungu zilizoingia nyumba za watu kwa saini yake? Akakaa kwenye kigoda, mikono magotini, mwanamke mzima, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

"Hakuna iliyotoka mbovu," Mama Vikombe akasema.

Wote wakageuka. Alikuwa anafuta kikombe, na hakuacha kukifuta.

"Nimenusa kila sampuli kabla sijaiweka mezani. Kila moja. Mbili zilikuwa na kasoro. Moja ilinuka unyevu, nyingine ililazwa karibu na mikebe ya rangi. Nilizirudisha chini."

"Si uliniambia Bi Pua ndiye aliyezikataa!" Mizani akasema.

"Nikuambie mimi ndiye, ungenisikiliza?"

Mizani akakwaruza masharubu.

Bi Pua akajifuta uso kwa kiganja. "Ulijuaje?"

"Wiki ile uliporudi. Kikombe kimoja sikukisuuza vizuri, kikabaki na sabuni. Nilikumbuka ukiwa umeshakishika. Nikasema leo nakoma, leo kikombe kinatoka dirishani na mimi nakifuata. Ukaonja. Ukasema, 'Nzuri, weka kingine.'" Sasa ndipo alipoacha kufuta. "Nikaenda stoo nikalia. Nikarudi nikaanza kunusa. Miaka kumi na minne nakuona unavyofanya, dada, na mimi pia nina pua."

"Na ya leo?"

"Nimeinusa kabla hata sijamwagia maji. Safi kabisa. Nilikuwa natafuta namna ya kusema bila kukuvua nguo mbele za watu. Nikaona nidondoshe kijiko, labda utastuka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeacha kuja. Halafu mimi ningeosha vikombe vya nani?"

Wahenga hao hao walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Walisema mengi mazuri, lakini kwa hili, kama wangekuwa mle chumbani siku ile, wangerudisha kauli yao. Miezi mitatu Bi Pua alidhani amebeba mzigo peke yake, kumbe kulikuwa na mtu upande wa pili ameushika kimya kimya na hata hajahema kwa nguvu. Alijisikia amedhalilika, hilo lilikuwepo, lakini lilimezwa na shukrani kubwa kiasi kwamba alishindwa aanzie wapi kuisema.

Meneja si mtu wa machozi. Aliagiza vikombe vitano vya viungo tofauti, akavifunika kwa kitambaa, akamwambia Mama Vikombe anuse na kutaja kilichomo. Akavitaja vyote, na cha tano akaongeza kwamba iliki yake ni ya zamani na aliyeiuza aulizwe. Meneja akashika kidevu. Kuomba radhi hakuweza, alizaliwa hivyo. Ila alimchukulia Mizani aproni mkononi, akaikunjua, akamvisha, na kamba akaifunga mwenyewe kwa nyuma. Kwa mtu yule hiyo ni hotuba nzima. Mizani akashuka ngazi mbili mbili, na baada ya muda mfupi mashine chini zikaanza kunguruma.

"Karatasi hii ya kuruhusu chai itoke hutiwa saini na mwonjaji," meneja akasema, akiisukuma mezani.

Bi Pua hakuigusa kalamu. Akaisogeza kwa Mama Vikombe. Mama Vikombe akaitazama kalamu, akamtazama meneja, akafuta mkono kwenye khanga, akaandika jina lake polepole, herufi kubwa kubwa. Bi Pua akaandika lake chini ya hilo.

"Jumatatu nataka viti viwili kwenye meza hii," meneja akasema, akaenda zake na simu yake.

Wakabaki wawili. Mama Vikombe akamimina chai ya sikukuu kwenye vikombe viwili vizima, akavuta kigoda. Kwa miaka yote ile hawakuwahi kukaa pamoja mle ndani.

"Niambie ikoje," Bi Pua akasema.

Mama Vikombe akanusa, akafumba macho. "Chungwa linakuja kwanza. Halikai sana. Mdalasini ndio wenye nyumba. Iliki iko hapa pembeni... tangawizi naisikia kooni. Na karafuu iko mwisho kabisa, kidogo tu. Mizani amepima vizuri."

Bi Pua alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu yeyote akizungumza juu ya chai.

"Ahsante," akasema. Ikamtoka ndogo, akairudia. "Ahsante sana, dada yangu. Miezi mitatu yote nimekuwa nikikaa hapa najiita mwonjaji, kumbe mwonjaji ni wewe, mimi nilikuwa mgeni tu nimekaribishwa chai."

"Basi kunywa, mgeni," Mama Vikombe akasema. "Inapoa."