Mshono wa Uzi wa Buluu

Leo asubuhi, hapa Mbugangari, upande wa Rwanda karibu na mpaka wa Goma, nilifungua mlango wa minibasi kuukuu ambayo mume wangu anataka tuinunue kwa ajili ya familia. Harufu ya sponji la viti lenye unyevu na dizeli ikanirudisha utotoni.

Baba alikuwa akitafuta gari kama hilo, maana nyumbani tulikuwa tumeongezeka. Vita ilipokaribia Goma, bibi alivuka mpaka na binamu yangu, msichana wa rika langu. Shangazi na mumewe, wazazi wake, walibaki kufunga nyumba, wakaahidi kufuata na gari lao. Wiki zikapita, nasi tukaendelea kumwambia binamu yangu kwamba wako njiani.

Siku moja baba alilala chini ya minibasi moja iliyokuwa inauzwa, akikagua kutu, muuzaji akiisifia injini. Sisi wawili tulipanda nyuma. Binamu yangu akapapasa kiti cha mwisho, mkono ukasimama kwenye mshono wa uzi wa buluu.

"Mjomba," aliita taratibu, "mama njo alishona hapa. Hii ni gari yetu."

"Bon, gari kama hii ziko mingi," muuzaji akasema.

Baba alitoka chini ya gari, akachungulia mlangoni na kuutazama mshono ule, kisha akamgeukia muuzaji.

"Mwenye alikuuzishia alisema wenyewe wako wapi?"

"Alisema walihama."

Binamu yangu alikataa kushuka. Baba akaingia, akakaa kando yake mpaka muuzaji alipokuja kufunga geti la uwanja wake. Ndipo akambeba mgongoni, ingawa alishakuwa msichana mkubwa, tukarudi nyumbani kwa miguu.